Mwaka Ambao Mlima Haukuanguka

Wiki mbili zilizopita tulimzika Mama Jeanne, na jioni ile tuliporudi kutoka makaburini, sebuleni kwake pale mtaa wa Observatory, Solange aliuangusha mlima tena. Solange ni msusi, tunafahamiana tangu tukiwa wasichana, na kadiri anavyozeeka ndivyo hadithi zake zinavyonenepa. Watoto walikuwa wameketi sakafuni na sahani za fufu na sombe, yaani kisamvu, mapajani, hawa watoto wetu waliozaliwa hapa Johannesburg, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa barabara kisha wanakujibu kwa Kiingereza. Akawasimulia siku ambayo kikundi chetu cha maombi kilikwenda kuomba kwenye theluji: jinsi Mama Jeanne alivyotutangulia, jinsi tulivyovuka tukiwa tumeshikana mikono, na jinsi mlima mzima ulivyoporomoka nyuma yetu mara tu mtu wa mwisho alipotoka. "Theluji ilipanda juu namna hii, sawa unga kwa mashini ya kusaga!" alisema, na mikono yake ikagonga taa. Mtoto mmoja akageuka kuniuliza mimi, Auntie Riziki, kama ni kweli. Nilikuwa na sombe mdomoni, nikaitafuna kwa muda mrefu kuliko sombe inavyohitaji. Kwenye matanga humkatizi mtu hadithi yake, hasa hadithi inayomtukuza marehemu. Lakini tangu siku ile sijatulia. Mlima haukuanguka. Wala hatukuvuka. Nilikuwepo, na sababu ya kutovuka ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilikuwa nimepata kazi kwa Ntate Lereko, Msotho mmoja mzee aliyekodi gereji ya nyumba moja kwenye mteremko wa Observatory na kuigeuza karakana ya kushona. Hakushona suti wala magauni ya harusi. Alitengeneza vitu vya watu wanaopanda milima: mahema yaliyochanika, zipu za mifuko ya kulalia, majaketi yaliyojazwa manyoya ya bata. Siku ya kwanza nilidhani ananitania. Mimi nilikuwa nimejifunza cherehani kwa vitenge, kitambaa kinachokaa mahali unapokiweka, na sasa nilipewa nailoni iliyoteleza kama samaki na manyoya yaliyotoka kwenye kila tundu la sindano na kunijaa puani. Gereji ilikuwa na dirisha moja, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na jiko dogo la parafini alilopikia papa, ule ugali wao mgumu, na mboga za majani zilizokatwa nyembamba mno. Tulikula saa saba kamili. Ntate hakupenda mazungumzo wakati wa kula, lakini akishafuta mdomo alianza, na ukimwacha angeendelea mpaka saa tisa. Tulizungumza kwa Kiingereza, changu kikiwa kibovu na chake kikiwa cha polepole, kwa hiyo tulielewana vizuri. Aliniita Ausi, yaani dada, na mimi nilimwita Ntate kama kwao wanavyomwita kila mwanamume wa heshima.

Wateja wake walikuwa watu wa Sandton, wa mabenki na makampuni, waliokuja Alhamisi jioni na magari yao kuchukua vitu kwa ajili ya safari za mwisho wa wiki. Walilipa, kisha hawakuondoka. Walisimama mlangoni wakichezea funguo mpaka mmoja apate ujasiri wa kuuliza: "Ntate, huko juu kukoje?" Ntate alikuwa amekua akichunga ng'ombe na kondoo kwenye milima ya Lesotho, mahali ambapo theluji huanguka kila baridi, na dada yake bado alikuwa na duka huko karibu na njia ya juu kabisa. Kila Jumatano Ntate alimpigia simu. Nilisikiliza huku nikiondoa nyuzi. Sikujua Kisotho, lakini baada ya miezi miwili nilikuwa nimeokota maneno: lehloa ni theluji, moea ni upepo. Nilishangaa kwamba aliuliza kuhusu upepo mara kumi kwa kila mara moja aliyouliza kuhusu theluji. Nilipomuuliza kwa nini, alinyanyuka akaleta jaketi bovu ambalo mwenyewe hakulirudia kwa miaka.

"Ausi, hiki ni nini?" Kitambaa cha nje, nikasema. "Na hiki?" Manyoya. "Na hiki?" Bitana. Akachukua wembe akakata mishono yote iliyoshikanisha matabaka yale, akalilaza jaketi kwenye ubao wa kupigia pasi, akaanza kuuinua ubao upande mmoja polepole. Hakikutokea kitu. Akauinua zaidi. Bado. Kisha akaligusa kwa kidole kimoja, na kitambaa chote cha nje kikateleza kwa mpigo, kikaanguka sakafuni pamoja na nusu ya manyoya. Tuliyaokota mpaka saa kumi. Akanieleza kwamba theluji haiangukii ardhini mara moja tu. Inaanguka leo, inapigwa na jua, inaganda usiku, kisha inakuja nyingine juu yake. Kama hazijashikana, ile ya juu imelala tu, inangoja kuguswa. Na upepo ndio fundi mbaya: unaichukua theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, kwenye makorongo, ikawa nene, laini na nzuri ya kutazama. Mlima ulioinama kama paa la nyumba ya bati hauteremki vya kutosha, theluji itakaa. Uliosimama kama ukuta umesimama mno, theluji haitakaa kabisa. Mteremko wa paa la kanisa ndio wa kuogopa. "Ukisikia ardhi inapumua chini ya kiatu," alisema, "kama mtu mnene anapokaa kwenye kochi, rudi ulikotoka. Na kama ni lazima mvuke, mvuke mmoja mmoja. Mmoja anapita, wengine wote wanangoja pembeni wakimtazama." Nilicheka kwa adabu. Maarifa yale yangenifaa nini mimi, mtoto wa Bukavu kule Kongo?

Nilikuwa nikilala kwa Mama Jeanne. Alikuwa amenipokea tangu siku nilipofika na begi moja, katika chumba kimoja kikubwa alichokigawa kwa pazia la maua: upande wake kitanda na sanduku, upande wangu godoro na ndoo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuibishia. Mchana aliuza dagaa na unga wa muhogo sokoni Yeowille, kama alivyopenda kupatamka. Jioni aliporudi aliosha mikono mpaka kwenye viwiko, akapika, na akanipa sahani mkononi. Hakuiweka mezani, aliiweka mkononi mwangu na kuishikilia kidogo mpaka ahakikishe nimeishika. Leo najua namna hiyo ya kumpa mtu chakula ni kubwa kuliko maneno mengi. Wakati ule nilijua tu kwamba nikiwa pale sikuwa yatima.

Jumamosi asubuhi yeye na kikundi chake, wanawake kumi na mmoja pamoja nami, wasusi, washonaji na wauza nguo, tulivaa nguo nyeupe na kupanda mawe ya kilima juu ya mtaa kwenda kuomba. Watu wa hapa wamezoea kuona makundi kama hayo kwenye vilima vya Johannesburg, hakuna anayegeuka. Kikundi chetu kilikuwa na desturi moja ya kwetu wenyewe. Tulipanda na kushuka tukiwa tumeshikana mikono, mstari mmoja, hata pale njia ilipokuwa nyembamba na hata kuvuka barabara. Tuliwahi kusimama kwenye robot, yaani taa za magari, za barabara ya Louis Botha mpaka zikabadilika mara tatu, kwa sababu mama mmoja alikuwa anafunga kiatu na hakuna aliyethubutu kumwachia mwenzake. Wengi wetu tulikuwa tumetoka vitani kwa miguu, na Mama Jeanne alikuwa ametembea msituni miezi mitatu. "Benye tulishikana mikono, tulifika," alikuwa akisema. "Mukono haiachiliwe." Hakusimulia zaidi ya hapo na sisi hatukuuliza. Mtu aliyefika ana haki ya kunyamaza.

Mwezi wa Julai Mama Jeanne alifunga kula siku nyingi, na jioni moja tukiwa tunamenya ndizi alisema: "Nataka nikanyage teluji. Maandiko inasema mutu anaweza safishwa akuwe mweupe sawa teluji, na miye nimekaa inchi hii miaka yote, sijaionaka." Wanawake walifurahi kama watoto. Kombi ikakodiwa ya kutupeleka kwenye milima ya mpakani, upande wetu huu, maana karatasi zetu za ukimbizi hazikuruhusu kuingia Lesotho. Nilipomwambia Ntate Lereko aliacha kushona. Hakucheka kama nilivyotarajia. Alimpigia dada yake simu siku isiyo ya Jumatano, wakaongea kirefu, kisha akafungua kabati la majaketi ambayo wenyewe hawakuyarudia akanipa kumi na moja. "Nendeni mpaka theluji inapoanzia," alisema. "Mwombe hapo. Mungu anasikia kutoka bondeni pia. Upepo umekuwa wa magharibi siku tatu, Ausi. Unakumbuka ubao wa pasi?" Nikasema nakumbuka.

Ningependa kila mtu aione picha yetu siku ile, ingawa hakuna aliyekuwa na kamera. Wanawake kumi na mmoja wa Kikongo, magauni meupe yakipepea chini ya majaketi ya watu wa mabenki, mekundu na ya buluu na ya manjano, mengine yakiwafika magotini. Mama Jeanne alipata la zambarau. Jua lilikuwa kali na anga haina doa. Tulipofikia theluji ya kwanza kila mtu alisahau kwamba tulikuja kuomba. Solange aliila, akasema haina ladha, akaila tena. Mama mmoja aliyekuwa na miaka sitini alikaa chini akateleza kwa makalio mpaka kwenye jiwe, akapanda kurudia. Nilimwona Mama Jeanne akichota theluji viganjani, akiitazama ikiyeyuka, akichota tena. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Kisha akainua kichwa akaona, ng'ambo ya korongo lililojaa theluji, mahali palipo sawa kama meza, peupe pe, pasipo alama ya mguu hata mmoja. "Tutaombea pale," akasema.

Njia ilikata katikati ya korongo. Lilikuwa na mteremko wa paa la kanisa. Juu kwenye ukingo upepo ulikuwa unapeperusha unga mweupe na kuumwaga huku kwetu, taratibu, bila kelele, kama mtu anayeongeza maji kwenye ndoo iliyojaa. Nikaweka mguu mmoja kupima. Ardhi ikapumua. Nilisikia kabisa, sauti nene na ya chini, na ufa mwembamba kama uzi ukatoka kwenye kiatu changu ukakimbia juu ya theluji hatua kumi, kumi na tano, ukapotea. Kama nisingefanya kazi kwa Ntate, ningesema ni tumbo langu.

"Mama, tusimame," nikasema.

"Kuko nini?"

"Theluji hii haijashonwa." Nilijua ni sentensi ya kijinga mara tu iliponitoka. Nikajaribu tena. "Ya juu haijashikana na ya chini. Tukiikanyaga wote itateleza yote, itatufunika."

"Riziki. Siye tulitembeya musitu. Hii iko kilima."

"Basi tupite mmoja mmoja. Mmoja anavuka, wengine wanangoja hapa wanamwangalia. Ntate alisema—"

"Mumoja mumoja?" Aliligeuza neno lile kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Mutu aingie mule peke yake, na siye tumuangaliye tu? Hapana. Kwetu hakuna mutu anapita peke yake."

"Umoja ni nguvu, dada," Solange akadakia nyuma yangu, meno yakimgongana. "Alors, twende, miye baridi itaniua mbele ya hiyo teluji yako."

Nikasema umoja hapa ni uzito. Nikasema tukianguka wote hatabaki mtu wa kuchimba. Nilisema kila kitu nilichofundishwa, kwa haraka na kwa fujo, na nilipomaliza Mama Jeanne alininyooshea mkono. Alikuwa amevua glavu, kwa sababu alisema ndani ya glavu husikii mkono wa mwenzako. Nikaushika. Tangu nimfahamu sikuwahi kutoushika. Akaanzisha wimbo, akaingia korongoni, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, theluji ikimfika magotini, na mkono wake ukaanza kunivuta nyuma yake, na mimi nyuma yangu nilikuwa na Solange, na nyuma ya Solange wote wengine, wakiimba. Ardhi ikapumua mara ya pili. Watu wengine hawakusikia kwa sababu ya wimbo. Nikaachia mkono wa Mama Jeanne.

Niliachia kwa kusudi. Wakati mwingine nimejaribu kujitetea kwamba jasho, kwamba baridi, lakini hapana, nilifikiri na nikafungua vidole. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili nikimsukuma Solange kwa mgongo, na mstari wote ukakunjika pembeni ya korongo, na wimbo ukafa mdomo mmoja baada ya mwingine. Mama Jeanne aligeuka. Alikuwa peke yake kwenye weupe ule na jaketi lake la zambarau, mkono wake mtupu ukiwa bado umenyooshwa kwetu. Hakunitazama mimi. Aliutazama mkono. Nikaomba kwa Mungu theluji isiteleze, niliomba kweli, lakini kwa kuwa naandika nikiwa mtu mzima nitasema na lile lingine: upande mmoja wa moyo wangu ulitamani iteleze kidogo tu, pale mbele, mbali naye, ili wote waone kwamba sikuwa mjinga. Haikuteleza. Mama Jeanne alirudi akikanyaga nyayo zake mwenyewe, akanipita, akashuka. Tuliombea kando ya kombi, nusu saa, bila nguvu. Njia nzima ya kurudi Johannesburg Solange alikumbatia chupa ya theluji aliyoichota kwa ajili ya mteja wake, na tulipofika ilikuwa robo chupa ya maji machafu.

Jumatatu nilimweleza Ntate kila kitu. Alitaka kujua urefu wa ufa, rangi ya theluji, kama kulikuwa na majani marefu chini yake. Mwishowe nikamuuliza swali lililokuwa limeninyima usingizi: je, ingeanguka? Akalamba uzi, akautia kwenye sindano. "Eish, Ausi. Labda. Mimi ningerudi. Na labda mngevuka wote, mkaomba vizuri, mkarudi mkala chakula cha jioni. Ukirudi salama, theluji haikupi cheti." Nilikasirika. Nilitaka aniambie kwamba niliokoa watu kumi, niende nikaseme hivyo nyumbani. Baadaye maishani nimekuwa mama, nimekuwa mwajiri, nimewakataza watu mambo mengi, na karibu kila mara sikupata cheti. Lakini katika umri ule ilikuwa dawa chungu.

Mama Jeanne hakunifukuza wala hakunigombeza. Ningevumilia matusi. Aliendelea kupika, na aliendelea kunipakulia, ila sasa aliiweka sahani mezani. Kila jioni ile sahani mezani. Kilimani Jumamosi mstari ulipopangwa alikwenda mwisho mwingine, na niliyeshikana naye alikuwa Solange tu, ambaye hana kinyongo na mtu. Wengine walipata utani wao. Walininong'ona kwa jina la Dada Teluji. Mmoja akimpakata mtoto wake aliniambia, huku anacheka, "Huyu sikupe umubebe, weye unaachiliaka." Nilicheka nao na nikaenda kulilia nyuma ya pazia, kimya kimya, maana pazia halizuii sauti, na najua yeye alisikia, na yeye alijua nilijua kwamba alisikia. Mara mbili nilifungasha begi. Mara zote mbili niliona aibu ya kumwacha tena nikalifungua. Hivyo ndivyo tulivyoishi Agosti nzima, watu wawili wanaopendana katika chumba kimoja, tukipitana kama wapangaji.

Mwanzoni mwa Septemba, siku ya upepo na vumbi jekundu, alikuja gereji. Hakuwahi kufika pale. Alikuwa amebeba jaketi la zambarau kwenye mfuko wa plastiki, kulirudisha, na alikuwa amelifua na kulipiga pasi kwa moyo wake wote, hata mgongoni nailoni imeyeyuka na kung'aa kwa umbo la pasi. Ntate Lereko alilipokea kwa mikono miwili, akaliona lile doa, akasema limependeza sana, na akamvutia kiti. "Mme," alimwita, yaani mama kwa Kisotho. Nikamwaga chai. Mama Jeanne hakuigusa. Alikaa wima akitazama cherehani, kisha akaniambia kwa Kiswahili chetu: "Mwambie huyu muzee niko na ulizo. Utafsiri yote. Usiongeze, usipunguze."

Nikasema sawa.

"Mwambie: kwa kazi yake ya teluji, kama batu bameshikana mikono, na wa mbele akaanguka, akabavuta bengine, na wa nyuma akaachiliya, yeye akapona. Huyo mwenye aliachiliya, kwao banamuita nani?"

Nilidhani ananishtaki mimi, mbele ya bosi wangu, na uso ulinichoma. Nilitafsiri hata hivyo. Ntate akaniangalia, akamwangalia yeye, na nadhani alielewa kabla yangu, kwa sababu alizima redio. Mama Jeanne aliendelea, na sauti yake ilikuwa ileile ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuibishia. "Ilikuwa mutoni. Maji ilikuwa imejaa. Baba ya batoto yangu alikuwa wa kwanza, alafu Bahati, alafu Furaha, alafu miye, mwisho, miguu yangu ingali kwa mawe. Baba yao aliteleza. Mukono ya Furaha ikanivuta. Riziki, weye uliachiliya kwa kufikiri, nilikuona macho yako. Miye sikufikiri kitu. Niliachiliya." Akapumua. "Na kila mahali nilifika, nilisema, benye tulishikana mikono tulifika."

Sijui nilitafsiri vipi. Nakumbuka nilisema kwa Kiingereza "the river was full" nikashindwa kuendelea, na Ntate akangoja, na mimi nikaendelea. Miezi ile yote nilidhani nilikuwa nimevunja sheria yake. Kumbe pale korongoni, alipogeuka na kuutazama mkono wake mtupu, alikuwa hatazami kitu nilichofanya mimi.

Ntate Lereko hakumwambia asijilaumu, wala hakumwambia kwamba Mungu anajua. Alisema: "Wachungaji wa kwetu, theluji ikimchukua mmoja, yule aliyebaki hawamwiti jina baya. Wanamuuliza jambo moja tu. Ulimwona mara ya mwisho wapi? Kwa sababu kama naye angekwenda, hakuna mtu aliye hai ambaye angejua mahali. Aliyebaki, kazi yake ni kujua mahali." Akaniacha nitafsiri mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, kama anavyowauliza wateja upande gani zipu ilikwama: "Mme, uliona mahali?"

"Niliona," akasema Mama Jeanne.

"Kuna mtu aliwahi kukuuliza?"

Akatikisa kichwa. Na hapo ndipo alipolia, si kwa kelele, machozi tu yakimshuka mpaka kidevuni, na huku analia alianza kueleza, na nikanyoosha mkono juu ya meza akaushika, akaubana mpaka pete yake ikaniumiza. Alieleza bila kusitasita, kama mtu aliyepita njia ile kila usiku. Ntate alivua kofia. Nilitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

"Sasa tuko batatu benye banajua," alisema alipomaliza. Ntate alitangulia kufa, miaka mingi iliyopita. Wiki mbili zilizopita amekwenda yeye, na katika wasifu uliosomwa makaburini ilisemwa hakujaliwa kupata watoto. Nimebaki mimi, na Solange na aendelee kuuangusha mlima wake, watoto wanaupenda. Mimi ninaandika mahali. Ni msituni, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Shabunda, ambapo njia ya wasaka dhahabu inavuka mto wenye maji meusi. Chini ya kivuko mto unapinda kushoto, na kwenye kona kuna mawe mawili makubwa yanayogusana, na mti ulioanguka kati yao. Bahati alikuwa na miaka minne. Furaha alikuwa na saba, amevaa sweta ya kijani, na ilionekana mara ya mwisho pale kwenye jiwe la pili, lile la karibu na ukingo.